Mkono Unaoshika Kikombe: Maji ya Uponyaji katika Hadithi za Vijana

Hadithi za vijana zinazosimulia vita vya kugombea maji adimu zina mkondo ambao msomaji huujua kabla hajafungua ukurasa wa pili. Dunia imekauka. Imebaki chemchemi moja, na maji yake hayakati kiu tu, yanaponya. Mtawala, au kampuni, au ukoo wa kidhalimu umeizungushia ukuta na kuweka walinzi. Nje ya ukuta yupo binti wa miaka kumi na sita ambaye mdogo wake yu mahututi. Binti anaiba chupa moja, anakamatwa, anatoroka, anakutana na kijana wa upande wa pili ambaye hajui amsaidie au amkabidhi kwa askari, kisha anarudi akiongoza umati wa waliodhulumiwa. Lango linavunjwa, maji yanamwagika, kitabu kinafungwa. Filamu ya Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 inaishia papo hapo: dhalimu aliyekuwa akiwafungulia watu maji kwa dakika chache na kuyafunga amekwisha kufa, na waliobaki juu wanayaachia yateremke kwa umati. Hakuna anayeuliza kesho yake asubuhi ni nani atakayeshika usukani wa lile bomba.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hadithi za namna hiyo zinamtafuta adui mahali asipokuwapo. Tukiyapitia matukio ya kweli ambayo watu waligombea maji au kinywaji cha kuponya, tunaona kuwa mara nyingi hayakuwa maji yaliyoadimika. Kilichoadimika ni mkono ulioruhusiwa kuyagawa. Mwandishi anayemaliza kisa chake kwenye lango lililovunjwa amekimaliza kabla jambo lenyewe halijaanza. Sisemi hivi kwa kuidharau fasihi ya kusisimua, ambayo imewarudisha vijana wengi kwenye vitabu wakati sisi wakubwa tulikuwa tumekwisha kuwakatia tamaa. Nasema hivi kwa sababu nadhani aina hii ya hadithi inaweza kubeba mzigo mzito zaidi ya ule tunaoitwisha.

Kwanza tutenganishe maji ya kunywa na maji ya kuponya, maana waandishi wengi huyachanganya. Kiu huwasawazisha watu. Katika foleni ya wenye kiu, aliye mbele na aliye nyuma wana haja moja, na kanuni ya aliyewahi ndiye apewe inaonekana kuwa ya haki. Ugonjwa hauko hivyo. Katika foleni ya wagonjwa kila mmoja ana saa yake: yupo anayeweza kungoja wiki nzima na yupo ambaye jua la leo likizama naye keshakwenda. Hapo kanuni ileile ya aliyewahi inageuka kuwa hukumu ya kifo kwa mtu ambaye hakuna aliyekusudia kumhukumu. Ndiyo maana foleni ya maji ya uponyaji haihitaji dhalimu ili iue. Inatosha iwe ndefu.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Samunge, kijiji cha Loliondo wilayani Ngorongoro, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya kuchemsha itokanayo na mti unaoitwa mugariga. Dozi ilikuwa kikombe kimoja na bei yake shilingi 500. Ilisemwa inatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani na UKIMWI. Watu wakamiminika kutoka Tanzania yote, Kenya, Uganda na mbali zaidi. Kufikia Machi ya mwaka huo magari yalikuwa yamepanga foleni ya zaidi ya kilomita 20 kwenye barabara ya vumbi isiyo na vyoo, maji wala zahanati ya kutosha. Vyombo vya habari viliripoti makumi ya watu waliofia njiani wakisubiri, wengine wakiwa wametolewa kwenye vitanda vya hospitali. Wenye uwezo walifika kwa helikopta. Nauli ilipanda ikaiacha bei ya kikombe mbali mno, hata mtu akashindwa kusema kama dawa ile ilikuwa ya bei nafuu au ya bei ghali kupita zote. Babu mwenyewe ilimbidi aombe watu wasije kwanza mpaka foleni ipungue, na serikali ikaingia kupanga zamu za magari.

Hebu tukitazame kilichokuwa adimu pale. Mti ulikuwapo. Maji ya kuchemshia yalikuwapo. Vikombe vya plastiki vilikuwa tele, na wasaidizi walikuwapo wa kukata mizizi, kuchochea moto na kuwapelekea watu vikombe madirishani mwa magari. Kilichokuwa kimoja tu ni mkono: dawa ilisemwa haifanyi kazi isipotolewa na yeye mwenyewe, hapo kwake. Kwa sharti hilo moja, kitu ambacho kingeweza kuchemshwa katika kila kaya kiligeuka kuwa adimu kuliko dhahabu. Wala hapakuwa na ukuta, wala mlinzi mwenye bunduki, wala dhalimu. Watu waliomfahamu Babu walimtaja kuwa mtu mpole asiye na makuu, na bei yake haikuwa ya mtu mwenye tamaa. Simtetei kuhusu dawa yenyewe, kwani ushahidi kwamba iliponya maradhi hayo haukupatikana, na wapo walioacha dawa za hospitali kwa kuamini kikombe wakaumia. Ninachosema ni kwamba mwandishi angeiweka Samunge katika riwaya ya vijana kwa mtindo tuliouzoea, angelazimika kumgeuza yule mzee kuwa mwovu ili kisa kiende. Hapo angeipoteza Samunge yenyewe, maana uhaba ule ulitokana na sharti, na sharti halipigwi kwa mshale.

Sasa tuuweke mkono ule mmoja karibu na tukio jingine. Mwaka 1971 vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na kipindupindu kikaingia nao makambini. Katika hospitali ya Bongaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni juu ya matapishi na choo chao wenyewe. Tiba iliyokubalika wakati huo ilikuwa maji ya kutundikiwa mshipani, na hayo yalikuwa yanakwisha. Hata yangekuwapo, hawakuwapo watu wa kutosha waliojua kutia sindano. Hapa uhaba ulikuwa wa kweli kwa pande zote mbili, wa chupa na wa mkono. Mahalanabis aliagiza glukosi, chumvi ya mezani na magadi ya kuokea vipimwe Kolkata, vitiwe kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kupigwa pasi ya moto, kisha vikorogwe kwenye maji ndani ya mapipa. Ndugu za wagonjwa wakaambiwa wachote kwa vikombe na wawanyweshe wagonjwa wao. Siri yake iko kwenye utumbo: sukari na chumvi hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo na kuyavuta maji yaingie mwilini, hata wakati mtu anaharisha. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Haya ndiyo maji ya uponyaji ya kweli, yale ambayo leo tunayapata zahanati katika pakiti ndogo ya ORS, na mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda huu ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Lakini madaktari wengi hawakuukubali upesi, na sababu zao zinafaa kuangaliwa na yeyote anayeandika hadithi za aina hii. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba tiba isiyopitia mkono uliofunzwa ni tiba ya ovyo, na kwamba mama asiyejua kusoma atakosea kipimo. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Jibu lilitoka vijijini Bangladesh kwenyewe. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, na katika miaka kumi walifikia kaya zaidi ya milioni 12 wakiwafundisha akina mama kukoroga maji hayo kwa chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na ngumi moja ya sukari guru. Malipo ya mwalimu hayakutokana na idadi ya nyumba alizozipitia. Mkaguzi alikwenda nyuma yake baada ya muda, akawauliza akina mama na kuwatazama wakikoroga, na mwalimu akalipwa kwa kadiri walivyokumbuka. Ningependa kumwona mwandishi wa riwaya za vijana akiutumia mpango huo, kwa sababu una kila anachokitafuta: hatari, haraka, wazee wanaokataza, na binti wa miaka kumi na minane anayetembea kijiji kwa kijiji akiwa na elimu ambayo wakubwa hawaamini inaweza kukaa mikononi mwa watu kama wale.

Ningeishia hapa, mngedhani nasema kwamba mikono ikiongezeka mambo yote yamekwisha. Historia yetu yenyewe inanikatalia. Kabla vita vya Majimaji havijaanza katikati ya mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewavutia watu kutoka pande nyingi za Rufiji na Umatumbi kwa maji aliyosema yanatoka kwa mizimu na yanaweza kuwakinga. Maji hayo hayakubaki mkononi mwake. Wajumbe waliyachukua wakayapeleka kusini na magharibi, hadi kwa Wangindo, Wapogoro na Wangoni, na kila mjumbe aligeuka kuwa chemchemi ndogo inayotembea. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu, na kifo chake hakikuzuia chochote. Maji yalikuwa tayari na mikono mingi kuliko iwezavyo kunyongwa. Mwisho wa mwezi huohuo watu walilishambulia boma la Mahenge wakiamini risasi hazitawapata, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Baadaye wakoloni waliteketeza mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 yaliyotajwa na Wajerumani hadi kama 300,000 ya wanahistoria.

Kilichokosekana safari hii hakikuwa mikono ya kugawa. Hapakuwa na njia ya kumuuliza mgawaji, au ya kumrudishia habari kwamba maji hayakufanya kazi, ili walio mbele zaidi wajue kabla hawajafika mbele ya rashasha. Mjumbe alikwenda na maji, wala hakusubiri jibu. Aliyekufa Mahenge hakuweza kumwambia aliyekuwa anapokea maji Songea, na aliyesalia alielezwa kwamba aliyekufa alivunja mwiko. Linganisheni na yule mkaguzi wa BRAC aliyerudi nyumba ileile kuuliza. Ebrahim Hussein aliliona jambo hili katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, ambamo shujaa anagundua kwamba maji aliyoyatoa ili kuwaunganisha watu yamemponyoka, watu wanayaamini maji badala ya kuuamini umoja wao, na yeye aliyeyatoa hawezi tena kuyarudisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya Kiswahili iliyolikaribia zaidi swali letu la leo, na inashangaza kwamba tunaisomesha shuleni kama somo la uzalendo tu, tukiupita mjadala wake mkali kuhusu nani anamiliki tiba ikishatoka mkononi.

Wapo watakaonijibu kwamba nimechagua mifano inayonipendelea. Mabadiliko ya tabianchi yameleta uhaba wa kweli, watasema, na hakuna mpango wa ugawaji unaoweza kuijaza mito iliyokauka. Watanionyesha Cape Town. Ni kweli kwamba baada ya ukame wa miaka mitatu mji ule ulianza kuhesabu siku za kufungwa mabomba, na kuanzia Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Watu walifurika kwenye chemchemi ya Newlands na madumu yao, wakagombana kwenye foleni, hata manispaa ikaweka ulinzi na baadaye kulihamisha bomba la kuchotea. Ni picha inayofanana na riwaya kabisa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Sustainability ulikadiria kwamba matajiri na wenye kipato cha juu kidogo wa mji huo, ambao hawafiki asilimia 14 ya wakazi, hutumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani, mengi yakiishia kwenye bustani na mabwawa ya kuogelea. Mvua ilipungua kweli. Ila mvua haikuamua kwamba dumu lipigane na dumu pale Newlands huku mitaa mingine ikimwagilia nyasi. Sikatai uhaba wa asili, nakataa kwamba wenyewe peke yake huanzisha vita.

Na hata mwandishi akichagua uhaba usio na shaka yoyote, bado swali la mkono halimtoki. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi ya mwaka 2009, inatupeleka Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya dunia vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, wanasafisha jasho na mkojo wao na kuunywa tena. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kuhodhi, kwa kuwa nje hamna kitu. Hata hivyo, mhusika mkuu, Asha, anapopata udongo wenye unyevu unaoonyesha kwamba nje pana uhai, kinachomzuia ni baraza linalomnyima kibali cha kutoka. Anayemfungulia njia si jeshi, ni mwanamke mfagiaji. Dakika zisizozidi 25, na Kahiu amesema kuhusu mamlaka ya kugawa uhai mengi kuliko riwaya nyingi nene za Marekani.

Pingamizi la pili ni la wachapishaji, nao wana haki ya kusikilizwa kwa kuwa ndio wanaouza vitabu. Kijana, wanasema, anataka mapambano, na foleni, kipimo na kamati ni mambo ya ripoti ya halmashauri. Nawaelekeza Cochabamba, Bolivia, mwaka 2000. Huduma ya maji ilikuwa imekabidhiwa kampuni ya Aguas del Tunari, bei zikapandishwa, na sheria mpya ikawatia watu hofu kwamba hata visima vya jumuiya walivyochimba wenyewe vingewatoka mikononi. Mji ukafungwa kwa maandamano, na Aprili 8 kijana wa miaka 17, Víctor Hugo Daza, akapigwa risasi akafa. Siku chache baadaye mkataba ulivunjwa. Hapo ndipo riwaya ya kawaida ingetia nukta, na ingekuwa riwaya nzuri. Lakini miaka mingi baada ya ushindi ule, wakazi wengi wa vitongoji vya kusini mwa mji walikuwa bado wananunua maji ya magari kwa bei inayozidi ya waliounganishwa na mabomba. Lango lilivunjwa kweli, kwa damu ya kijana wa rika la wasomaji wetu, na wa mwisho kwenye foleni wakabaki wa mwisho. Je, sura inayofuatia ushindi ule inachosha? Rafiki wa marehemu anajiunga na kamati ya maji, anagundua kwamba orodha ya kuunganishiwa mabomba inaanza na mtaa wa mwenyekiti, na inampasa achague kati ya kunyamaza kwa heshima ya harakati na kusema akaitwa msaliti. Mimi sioni kinachokosekana hapo ili msomaji akeshe na kitabu.

Kuhusu wanaosema distopia, yaani hadithi ya dunia iliyooza, ni nguo ya kuazima isiyotutosha, sitakaa sana. Ngano zetu zililijua jambo hili zamani. Wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kuchimba, wanaweka mlinzi. Sungura anamlaghai mlinzi kwa asali, anamfunga kamba, anakunywa na kuyachafua maji. Anawekwa mlinzi mwingine, naye anapenda asali. Anayemkamata hatimaye ni Kobe, aliyejificha ndani ya maji yenyewe. Babu zetu hawakupoteza muda na nani mwenye kisima, jambo hilo lilikwisha mapema. Ngano nzima inahusu walinzi na asali.

Limebaki pingamizi moja ambalo nalipa uzito kuliko yote: kwamba hadithi ya maji yanayoponya, katika nchi ambazo watu bado wanauziwa maji ya upako na dawa za miujiza, inaweza kuwazidishia vijana imani potofu. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni mwandishi kuamua tangu sura ya kwanza kama maji yake yanaponya kweli au hayaponyi, na kisha kuwaruhusu wahusika wake wajaribu kujua. Riwaya nyingi za aina hii huacha uponyaji uwe ukweli usioulizwa, kwa hiyo wanaopigana wote, mwema na mwovu, wanakuwa wameafikiana juu ya jambo kubwa kuliko yote. Mhusika anayehesabu wangapi walikunywa, wangapi walipona na wangapi wangepona bila kunywa ni shujaa ambaye fasihi yetu ya vijana inamhitaji sana, na anaweza kuwa na maadui wengi kuliko mwenye upinde.

Nawaomba basi vijana wanaoandika, wanapofika kwenye lango la chemchemi, wasiweke kalamu chini. Waandike asubuhi ya pili: nani kashika kikombe, kapewa na nani, nani anayeruhusiwa kumuuliza, na yule mgonjwa wa mwisho kwenye mstari anafikiwa saa ngapi. Na wachapishaji watakaoipokea miswada hiyo wasiikate sura hiyo kwa madai kwamba inapunguza kasi ya kisa.